Kitako kilichopasuka: sanduku la Bukavu lililokwenda Lubumbashi

Picha iliingia kwenye simu jioni moja ya Septemba, nikiwa nafagia maranda ndani ya atelie yangu huku Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Lilikuwa sanduku nililolitengeneza mwenyewe mwezi wa tatu, limegeuzwa juu chini kitandani. Kitakoni mwake kulikuwa na ufa ulioanzia kichwani mwa mbao, ukapita katikati, kisha ukaendelea mwembamba kama unywele hadi karibu na upande wa pili. Binti aliyepiga picha alikuwa ameweka rula ya shule kandokando yake. Nilikuza picha nikahesabu vijistari: milimita 3 pale penye upana zaidi. Chini ya picha aliandika: "Jambo Papa fundi. Sanduku ya mama iko na ufa chini. Haikuanguka, tuliiweka tu ndani ya chumba. Ni nini?"

Nilikaa na swali hilo usiku mzima. Kama sanduku lingekuwa limeanguka, jibu lingekuwa fupi. Lakini halikuanguka, halikunyeshewa, halikukaliwa na mtu. Lilipasuka likiwa limetulia, kwenye nyumba kavu na safi. Kwa fundi hiyo ni habari nzito kuliko kuanguka, kwa sababu chanzo chake kimo ndani ya kazi yenyewe.

Sanduku lenyewe

Mama yake ni mteja wangu wa siku nyingi, anakaa Nyawera. Aliniletea meza ya marehemu baba yake, ya libuyu, ile mbao nyekundu ya ukoo wa mahogani inayotoka misituni. Meza hiyo ilikuwa sebuleni kwao tangu yeye akiwa msichana mdogo, yaani zaidi ya miaka 30. Miguu ilikuwa imekwisha kwa mchwa, ila ubao wa juu ulikuwa mzima, mzito, na unatoa sauti nzuri ukiugonga kwa kidole. Akaniambia: "Papa fundi, binti anaolewa Lubumbashi. Nataka aende na kitu ya babu yake. Unitoleemo sanduku."

Nilipasua, nikapiga randa, nikapata mbavu, yaani mbao nne za pembeni, za unene wa mm 15. Urefu wa nje mm 420, upana mm 280, kimo mm 170. Pembe nne nikaziunga kwa kedaronde. Mafundi wengi wa mji wetu tulifunzwa kwa Kifaransa, na jina hilo maana yake ni mkia wa mbayuwayu, kwa jinsi mkia wa ndege huyo unavyopanuka kuelekea mwisho. Ubavu mmoja unakatwa mikia, wa pili unakatwa meno, na vikishaingiliana hakuna wa kuvitenganisha kwa kuvuta. Mikia mitano kila pembe, kwa msumeno wa mkono na patasi, bila mashine. Zilinichukua siku tatu, na sijuti hata saa moja. Mama alipopitisha kidole kwenye pembe ile hakuhisi kiungo.

Kitako nilikifanya nusu saa, jioni ya siku ya tatu, umeme umekatika na mwanga unafifia. Nilikuwa nimeunganisha vipande viwili vya ile meza kwa kole, yaani gundi, nikapata ubao wa mm 420 kwa 280, unene mm 10, nyuzi zake zikielekea urefu wa sanduku. Nikapaka kole kwenye kingo za chini za mbavu zote nne, nikaweka ubao juu yake, nikapiga misumari 22 mzunguko mzima. Nikapunguza kingo kwa randa hadi zikawa sawasawa na mbavu. Ukiliangalia lilionekana kama limechongwa ndani ya gogo moja.

Mafundi wote wa mtaani hufunga vitako vya masanduku namna hiyo. Mimi nilikuwa na sababu moja zaidi ya kutofanya hivyo. Mzee aliyenifundisha kazi hakuwahi kuniruhusu kufunga kitako cha mtoto wa meza (droo) kwa kole pande zote. Alisema kitako hicho kikae ndani ya mfereji kikiwa huru, na nyuma kipigwe msumari mmoja tu. Nilifuata agizo hilo miaka yote kwa watoto wa meza. Kwa sanduku sikulifuata, kwa kuwa sikuwahi kujiuliza kwa nini alinipa agizo lile.

Kila mtu na sababu yake

Picha niliwaonyesha wenzangu wa safu yetu. Wa kwanza alisema kole ni ya bandia, siku hizi kole nyeupe inachanganywa na maji kabla ya kufika sokoni. Wa pili alisema mbao haikukauka. Wa tatu alilaumu misumari, ni mingi mno kwa ubao wa mm 10. Na mjomba wa bwana harusi, ambaye ni mtu wa Lubumbashi, alituma ujumbe kwa sauti ya upole: watu wa Kivu hawajui mbao, wangetumia mulombwa, hiyo haipasuki.

Ninazichukua sababu zote kwa uzito, kwani kila moja ina jambo la kweli ndani yake. Lakini ushahidi wa picha tayari ulikuwa unakataa mbili. Kama kosa lingekuwa la kole, vipande viwili vya kitako vingeachana pale vilipoungwa. Ufa haukupita pale. Ulipita kando, kama sentimita 2 kutoka kwenye kiungo, ndani ya mbao nzima. Maana yake kole ilishika kuliko mbao yenyewe. Na mbao isiyokauka? Ubao uliokaa zaidi ya miaka 30 chini ya paa, juu yake watu wakila kila siku, hauwezi kukauka zaidi ya pale. Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu kama watu wengi niliamini mbao ikishazeeka imemaliza safari yake.

Haimalizi. Niliona kwa macho mwezi wa kwanza, mama aliporudi kutoka kumtembelea binti yake akiwa na sanduku mkononi. Nilikuwa nimeandaa kibano na vipande vya kuzibia ule ufa wa milimita 3. Nilipoligeuza sanduku, ufa ulikuwa karibu umefumba. Kipande cha karatasi kilipita kwa shida. Mama akasema: "Huko iliachama. Tulipofika hapa, siku kama kumi, naona inajifunga yenyewe." Alidhani labda ni dawa fulani iliyomo ndani ya mbao ya zamani.

Ilikuwa hewa. Mvua za Lubumbashi zilikuwa zimeanza tangu Novemba, kisha sanduku likarudi huku kwenye ziwa, na mbao ikanywa tena maji iliyokuwa imeyatoa.

Hesabu ya mbao

Bukavu iko ukingoni mwa Kivu, ziwa lililo karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kwetu mvua inanyesha karibu miezi tisa, na kiangazi cha kweli ni Juni hadi Agosti. Lubumbashi ni kitu kingine. Kuanzia Mei hadi Septemba karibu hakuna tone, upepo ni mkavu, vumbi jekundu linaingia hadi kabatini, na midomo ya watu inapasuka. Mtu anayetoka kwetu mwezi wa sita anahisi tofauti hiyo kwenye ngozi siku ya kwanza. Ubao nao unaihisi, ila unachukua wiki.

Mbao hutulia na hewa iliyoizunguka, iwe ya jana au ya zamani za babu. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huiacha mbao ikiwa na maji asilimia 16 hivi ya uzito wake mkavu. Hewa ya 65 huiacha kwenye 12. Hewa ya 40 huishusha hadi chini ya 8. Uzee haubadilishi jambo hilo kwa kiasi cha kutegemewa. Rangi na vanishi hupunguza kasi tu.

Na maji yakitoka, mbao haisinyai sawasawa kila upande. Kwa kufuata urefu wa nyuzi, tangu ubichi hadi ukavu kabisa, hupungua kati ya asilimia 0.1 na 0.2, kiasi ambacho fundi hana haja ya kukihesabu. Kwa upana ni habari nyingine: kuelekea moyoni mwa gogo hupungua mara nyingi zaidi ya hapo, na kwa kufuata zile duara za miaka hupungua karibu maradufu ya moyoni. Kwa mbao ya ukoo wa libuyu, iliyopasuliwa ubapa, upana wake ukifuata zile duara, kama ile ya mezani, unaweza kuhesabu asilimia 7 kutoka pale inapoanza kusinyaa, kwenye maji asilimia 28 hivi, hadi ukavu kabisa. Gawanya: kila asilimia moja ya maji inayotoka huondoa robo ya asilimia ya upana.

Sasa kitako changu. Upana mm 280. Tuseme kilitoka Bukavu na maji asilimia 15, kikafika 9 mwishoni mwa kiangazi cha Lubumbashi. Pointi sita, mara robo, ni asilimia 1.5. Asilimia 1.5 ya 280 ni milimita 4.2. Rula ya binti ilionyesha 3. Ile moja na kidogo iliyobaki niliitafuta, nikaipata: nilipoweka ekeri (rula ya pembe mraba) kwenye mbavu ndefu, zilikuwa zimevutwa ndani katikati, karibu nusu milimita kila mmoja, na kole ya kingo ilikuwa imelegea kidogo sehemu mbili. Hesabu ilikubaliana na sanduku, na mimi nikakubaliana na hesabu.

Kwa nini kedaronde haikusaidia

Hapa ndipo kiini cha kisa, na ninaomba msomaji atulie nami, maana nimeona mafundi wazuri sana wanapita hapa haraka.

Mbavu nne za sanduku zina nyuzi zinazozunguka sanduku, kama mkanda kiunoni. Ubavu mfupi, ule wa mm 280, nyuzi zake zinakwenda kwa huo huo upana wa mm 280. Kwa hiyo umbali kati ya mbavu mbili ndefu haubadiliki, uwe Bukavu kwenye mvua au Lubumbashi kwenye vumbi, kwa sababu mbao haifupiki kwa urefu wake. Mbavu zenyewe husinyaa kwa kimo, zote pamoja, na hakuna anayeumia.

Kitako nyuzi zake zinakwenda kwa urefu wa sanduku. Upana wake ndio unaosinyaa. Nami nilikuwa nimekiganda kwa kole kwenye ubavu mrefu wa kulia na ubavu mrefu wa kushoto, nyuzi kwa nyuzi, kiungo kinachoshika kuliko vyote. Kitako kinataka kupungua mm 4. Mbavu ndefu zinakataa kusogea, kwa sababu zimeshikwa na mbavu fupi. Na mbavu fupi zimeshikwa na kitu gani? Na kedaronde zangu, siku tatu za kazi. Kiungo cha kulegea pembeni, cha misumari mitupu, kingeweza kuachia kidogo na kukisamehe kitako. Kiungo changu hakikuachia. Kikabaki kitu kimoja tu cha kuachia, nacho ni mbao ya katikati.

Misumari? Nilipoing'oa niliona kwamba ufa ulianza kwenye msumari wa tatu wa ubavu mfupi, kichwani mwa mbao. Jirani yangu alikuwa na haki nusu: msumari ndio ulionyesha ufa pa kuanzia. Lakini hata bila msumari hata mmoja, milimita zile nne zingetafuta pengine pa kutokea.

Na mjomba wa Lubumbashi? Naye ana haki nusu. Mulombwa, ambayo Watanzania wanaiita mninga, inasifiwa kwa utulivu wake, na nyumba nyingi za Katanga, eneo la Lubumbashi, zina samani zake. Ingepungua kidogo kuliko libuyu. Lakini kidogo hicho nacho kinahitaji mahali pa kwenda, na mama yule hakuniletea mulombwa. Aliniletea meza ya baba yake.

Kitu ambacho nilikaribia kukifanya

Kwanza nilitaka kuziba. Wenzangu wawili walinishauri vilevile: unga wa mbao na kole, jaza ufa, piga msasa, paka vanishi, nani atajua. Kama binti angempa fundi wa kule mwezi wa tisa, ufa ukiwa wazi mm 3, ndivyo angefanya.

Fikiria basi kilichokuwa kitafuata. Kitako kimejazwa kikiwa kikavu, kimekuwa kipana kamili tena. Mvua zinafika, kinavimba, kinataka milimita zake nne nyingine. Safari hii hakivuti, kinasukuma. Mbavu ndefu zinasukumwa nje, na nguvu yote inaenda kwenye pembe, kwenye meno na mikia. Upana wa mbao unaovimba ni nguvu isiyozuilika kwa kole. Husimuliwa kwamba wachongaji wa mawe wa kale walipasua miamba kwa kabari za mbao kavu walizozimwagia maji. Ufa wa kitakoni tungeuhamishia kwenye kedaronde, na hapo ndipo sanduku lingekufa. Ufa ule, pamoja na aibu yake, ndio uliokuwa unaziokoa pembe.

Nilimweleza mama hivyo hivyo, nikamwambia kosa ni langu na kazi ya kurekebisha haina malipo. Aliuliza jambo moja tu: "Utaacha ile mbao ya Papa?" Nikasema ndiyo, ni ile ile itarudi.

Njia zilizokuwepo tangu mwanzo

Kama ningelianza upya, kitako kingekaa ndani ya mfereji, ule mafundi wanauita renire, unaochimbwa kwenye uso wa ndani wa mbavu nne kabla ya kuziunga. Kwa ubavu wa mm 15, kina cha mm 5 kinatosha, theluthi ya unene, na mfereji ukae mm 8 au 10 juu ya ukingo wa chini ili mbao iliyobaki chini yake isikatike. Kitako kinaingia wakati wa kufunga pembe, bila kole, kinabaki kimezungukwa bila kufungwa.

Ugumu unakuja pembeni, na ndiyo sababu mafundi wa kedaronde wanaukimbia mfereji. Ukiuchimba kutoka mwanzo hadi mwisho wa ubavu kwenye mbavu zote, ukishaunga utaona vitundu vya mraba vinne nje ya sanduku, pale pembeni, kama alama za panya. Dawa yake iko kwenye mpango wa mikia. Panga mfereji upite katikati ya mkia wa chini kabisa. Kwenye ubavu wenye meno, mfereji ukifika mwisho unatokea kwenye nafasi kati ya meno mawili, na nafasi hiyo itajazwa na mkia, kwa hiyo pitisha randa ya mfereji moja kwa moja bila hofu. Kwenye ubavu wenye mikia ndipo pa kusimama: mfereji ukipita mkia mzima utatokea kichwani mwake, na kichwa hicho kinaonekana nje. Basi simama mm 5 ndani ya mkia kutoka kwenye mstari wa shina lake, malizia kwa patasi, au ukate kidogo pembe za kitako ili usiingie ndani ya mkia kabisa. Kitundu hakipo. Ni kazi ya robo saa zaidi kwa sanduku zima. Na aliyekwisha kosea, achonge kijiti cha mbao ile ile, nyuzi zikielekea sawa na kichwa cha mkia, akizibe. Kikifanywa vizuri ni lazima uambiwe ndipo ukione.

Upana wa kitako ndani ya mfereji nao unataka akili ya majira. Sanduku langu lina upana wa ndani wa mm 250. Ukijumlisha mifereji miwili ya mm 5 unapata 260. Fundi wa Bukavu anayefunga mwezi wa nne, mbao ikiwa imeshiba, akate kitako cha 257 hivi. Anayefunga mwezi wa nane aache nafasi kubwa zaidi, kwa sababu mvua zinakuja. Kisha aangalie hatari iliyojificha: kitako cha 257 kikipungua mm 4 kinabaki 253. Kikikaa katikati kinashika mm 1.5 kila upande, sawa. Kikiteleza chote upande mmoja, kinaingia mm 5 huku na kutoka kabisa kule, na mwanga unaonekana. Ndiyo sababu ya ule msumari mmoja wa mzee wangu, ambao kwa miaka mingi niliuona kama mazoea tu. Tone moja la kole, au msumari mmoja, katikati ya ubavu mfupi huku na katikati ya ubavu mfupi kule, unakishika kitako kwenye mstari wake wa kati, na kila nusu inapumua kuelekea upande wake.

Tripleksi, yaani plaiwudi, ni njia ya halali kabisa, na simwonei haya fundi anayeitumia. Tabaka zake zimepishana nyuzi, moja inazuia nyingine, kwa hiyo karibu haipungui na unaweza kuipaka kole pande zote. Kwa sanduku litakalowekwa kitambaa ndani ningeichagua kwanza. Tahadhari ni mbili: ile nyembamba ya mm 4 inalegea katikati ikibeba vitenge vingi, na ile ya bei ya chini inaachana tabaka kwenye unyevunyevu. Kwa sanduku la meza ya babu haikuwa jibu.

Kuna na njia ya kupiga kitako kwa chini kama nilivyofanya, lakini kwa vise (skrubu) badala ya kole, matobo yakiwa marefu kwa upana wa sanduku ili vise iteleze. Inafanya kazi. Inaacha kingo za kitako zikiingia na kutoka kwa majira, hivyo afadhali zitokeze nje kidogo kama pambo, zisipigwe sawasawa na mbavu.

Marekebisho

Sanduku lilikuwa limekwisha fungwa, na kufungua kedaronde zilizoshikwa na kole ni kuziua. Mfereji basi haukuwezekana. Niling'oa misumari, nikakata kole kwa msumeno mwembamba kufuata kingo, nikapiga randa kingo za mbavu. Kimo cha mbavu kilipungua chini ya milimita moja.

Kitako cha zamani nilikipasua kwenye ufa, nikanyoosha kingo mbili kwa randa ndefu, nikaunga tena. Nilipoteza kama mm 6 za upana, na haikuwa hasara, kwa sababu sasa kitako kitaingia ndani ya sanduku badala ya kukaa chini yake. Nilikikata mm 248, upenyo wa milimita moja kila upande ukiwa unatosha mwezi wa kwanza wa Bukavu, na kwa urefu nikakiacha chepesi kidogo tu. Nikakipunguza unene hadi mm 8.

Kisha lati, yaani vipande vyembamba vya mbao. Kwa ndani, kuzunguka mbavu nne, nilibandika lati za mm 12 kwa 10 kwa kole, nyuzi zao zikifuata nyuzi za mbavu, kwa hiyo lati na ubavu vinatembea pamoja na kole haiteswi. Kitako nilikiingiza kwa chini kikaegemea lati hizo. Chini yake nikaweka lati nyingine nne, hizi bila kole, kwa vise ndogo za mm 20 zinazoingia ubavuni. Kitako kiko katikati ya lati za juu na za chini kama barua ndani ya bahasha. Kwenye mstari wa kati, katikati ya ubavu mfupi huku na kule, vise moja moja inapita lati ya chini na kuingia kitakoni. Hakuna kingine kinachokigusa.

Lati za mm 12 zinafunika kingo kwa kiasi kikubwa kuliko mfereji wa mm 5, kwa hiyo hata kikipungua mm 4 hakuna mwanga utakaoonekana. Ndani sanduku lilipoteza mm 18 za kina. Mama alipima kwa vitenge vyake, akasema vinaingia.

Alikuwa na wasiwasi mmoja, nao ni wa haki: kitu kisichogandishwa kwa kole si kitaanguka? Nilimpa sanduku, nikamwambia aingize Biblia kubwa ya baba yake, na vitenge juu yake, alinyanyue kwa mikono miwili na kulitikisa. Alilitikisa kwa nguvu zaidi kuliko nilivyotarajia. Halikulia hata.

Kabla halijaondoka nililigeuza, nikachukua penseli, nikapiga mstari mwembamba juu ya kitako, ukigusa kabisa ukingo wa lati ya chini ya upande mrefu, huku na kule. Nikamwomba binti, likifika mwezi wa tisa, aligeuze anitumie picha na rula ile ile.

Alituma mwishoni mwa Septemba, bila mimi kumkumbusha. Kitako kizima, hakuna ufa, pembe zimefumba. Mistari ya penseli ilikuwa imeachana na lati, imesogea kuelekea katikati, karibu milimita 2 upande wa kulia na karibu milimita 2 upande wa kushoto.